Walimu wa UPE na Swali la Elimu ya Mtandaoni

Mwalimu aliyenifundisha kusoma, katika shule moja ya Kawetele hapa Tukuyu, hakuwahi kukaa miaka miwili chuoni. Alikuwa "mwalimu wa UPE". Tulipokuwa wakubwa tulijifunza kulitamka jina hilo kwa dharau. Mitaani herufi zake zilisomwa "Ualimu Pasipo Elimu". Nimemkumbuka kwa sababu kila semina ninayohudhuria siku hizi hurudia swali moja: je, elimu ya mtandaoni inaweza kulingana na ile ya ana kwa ana? Wasemaji hulijadili kana kwamba lilizaliwa Machi 2020, shule na vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona. Ukweli ni kwamba nchi hii ilikwisha kulijaribu, na kwa upana wa kutisha, kabla baadhi yetu hatujazaliwa.

Novemba 1974, huko Musoma, TANU iliamua kwamba elimu ya msingi kwa wote ifikiwe mwaka 1977, badala ya 1989 kama ilivyokusudiwa awali. Vyuo vya ualimu visingeweza kutoa walimu wa kutosha. Ndipo vijana waliomaliza darasa la saba wakapelekwa katika shule za vijijini, sehemu ya siku wakifundisha na sehemu nyingine wakisoma. Masomo yao yalikuja kwa posta na kwa redio. Mafunzo yalichukua miaka mitatu, na zaidi ya 35,000 walihitimu.

Mwaka 1989 taasisi ya UNESCO ya mipango ya elimu, iliyoko Paris, ilichapisha utafiti wa Mählck na Temu uliowalinganisha walimu hao na wenzao waliosomea vyuoni. Tofauti zilizoonekana zilikuwa ndogo kuliko dharau yetu.

Hapa ndipo wengi hukimbilia kutangaza ushindi wa masafa dhidi ya darasa. Mimi nasita. Yule kijana wa UPE hakuachwa peke yake na redio yake, ambayo betri zake zingeweza kwisha katikati ya kipindi huku mvua ya Rungwe ikipiga bati. Palikuwa na mratibu wa elimu wa kata, palikuwa na wakufunzi waliozunguka shuleni, na palikuwa na walimu wazoefu wa chumba cha pili. Asubuhi alikosea mbele ya watoto. Jioni alikuwa na mtu wa kumuuliza. Masafa yalikuwa kwenye karatasi na mawimbi. Usimamizi ulikuwa wa ana kwa ana.

Linganisha na walimu wa leseni wa miaka ya 2000, shule za kata zilipoongezeka kwa kasi: vijana waliotoka kidato cha sita, ambao wananchi waliwaita "Voda fasta". Wao walifundishwa ana kwa ana, lakini kwa wiki chache tu, kisha wakakabidhiwa chaki. Ikiwa uso kwa uso ndio siri ya elimu, mbona tuliwacheka hao pia?

Mmarekani Richard Clark aliandika mwaka 1983 kwamba chombo cha kufundishia ni kama lori la mizigo: halibadilishi lishe ya chakula linachobeba. Na mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Wizara ya Elimu ya Marekani mwaka 2010 yalipoona mchanganyiko wa mtandao na darasa ukifanya vizuri zaidi, waandishi wake walitahadharisha kwamba mara nyingi wanafunzi hao walipewa pia muda na nyenzo za ziada. Tahadhari hiyo haisomwi sana kwenye semina zetu.

Sisemi kwamba UPE haikuwa na makosa. Madarasa yalifurika, na uchumi ulipoyumba baada ya vita vya Kagera vitabu viliadimika. Lawama zote tukamtwisha mwalimu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu.

Katika semina ya mwisho niliyohudhuria tuligawiwa rasimu ya mradi wa kujifunza mtandaoni. Vishikwambi vilikuwamo, vifurushi vya data vilikuwamo, hata fulana za uzinduzi. Nikauliza fungu la wakufunzi wa kuwatembelea wanafunzi liko ukurasa gani. Mwenyekiti alipekua, akapekua tena, kisha akatangaza mapumziko ya chai.