Kabla ya Begi la Maji Kulikuwa na Kibuyu: Stori ya Jamaa wa Dripu, Wapagazi wa Bagamoyo na Lita Zako Mbili

Mwaka 1989, mji wa Wichita Falls, Texas. Kila Agosti hapo kuna mbio za baiskeli ambazo zilianzishwa 1982, mji ulipotimiza miaka 100, na waliozibuni walikuwa na hesabu moja ya kibabe: maili 100, kwenye joto la nyuzi 100 za Farenhaiti. Kwa vipimo vya huku ni kilomita 160 kwenye nyuzi 38 hivi. Si mchezo.

Kulikuwa na jamaa mmoja aliyetaka kushiriki. Kazi yake ilikuwa huduma ya dharura, wale watu wanaofika na gari la wagonjwa mambo yakiharibika. Alijua kabisa joto linamfanya nini binadamu, na alijua pia kwamba chupa iliyofungwa kwenye fremu ya baiskeli ina usumbufu wake. Lazima uiname, uachie usukani kwa mkono mmoja, na huku umezungukwa na wenzako wanaokimbiza. Wengi huahirisha. "Nitakunywa nikifika pale mbele." Pale mbele anafika kichwa kinazunguka.

Basi jamaa akachukua kitu alichokizoea kazini: mfuko wa dripu. Akaujaza maji, akautumbukiza ndani ya soksi ndefu, soksi akaishonea mgongoni mwa fulana, mrija akaupitisha juu ya bega na kuubana kwa kibanio cha kuanikia nguo. Akiwa na kiu anaachia kibanio, ananyonya, anabana tena. Mikono iko kwenye usukani muda wote.

Ndiyo hivyo. Begi la maji ambalo leo kila anayepiga picha kileleni analo mgongoni lilianzia kwenye soksi.

Kitu ambacho huenda hata yeye hakukijua ni kwamba tatizo lake lilikuwa limeshapimwa karibu miaka hamsini nyuma. Miaka ya 1940, vita ya pili ya dunia ikiwa imepamba moto, jeshi la Marekani lilikuwa na imani kwamba askari anaweza kufundishwa kuishi na maji kidogo, kama anavyofundishwa kulenga shabaha. Watafiti wa mwili wa binadamu wakaenda na wanajeshi jangwani California, wakawatembeza juani na kupima jasho lao. Majibu yalikuwa mawili. La kwanza, mwili haufundishiki kukosa maji. Ukimnyima mtu maji anachoka mapema tu, basi. La pili ndilo la kushangaza: hata maji yakiwepo ya kutosha, mtu anayetembea kwenye joto hunywa pungufu ya jasho analotoa. Kiu inachelewa. Pengo lile huja kuzibwa akikaa kula.

Kwa hiyo mrija ulio karibu na mdomo una maana yake. Unaondoa kisingizio cha kuahirisha.

Lakini stori ya kutembea na maji mgongoni haikuanzia Marekani, na huku pwani kuna watu walioijua kwa undani kuliko mwendesha baiskeli yeyote. Ni wapagazi wa karne ya 19, waliobeba pembe za ndovu, vitambaa na shanga kati ya Bagamoyo na Ujiji, njia ya kilomita kama 1,200. Mzigo wa mtu mmoja ulikaribia frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Wanyamwezi waliuweka begani, watu wa pwani kichwani. Juu ya huo mzigo bado mtu alikuwa na jamvi lake, chakula chake na kibuyu chake.

Maji yalikuwa kwenye kibuyu au kwenye kiriba, mfuko wa ngozi ya mbuzi. (Kiriba siku hizi kimebaki zaidi kwenye neno kiribatumbo, na kila mtu anamjua mwenye nacho.) Ukitazama vizuri, kiriba ni baba mzazi wa mfuko wa plastiki ulio ndani ya begi la leo: laini, kinapungua kadiri unavyokunywa, hakigongani na mgongo. Kibuyu ni chupa. Ubishi wa chupa au mfuko, kumbe, ni wa zamani sana.

Ila akili kubwa ya wapagazi ilikuwa kwenye hesabu. Katikati ya njia kulikuwa na maeneo mawili yaliyoogopwa: Marenga Mkali, kabla ya kuingia Ugogo, na Mgunda Mkali, ukitoka Ugogo kuelekea Unyamwezi. Mwandishi mmoja wa habari wa Kizungu, aliyepita 1871 akimtafuta mmisionari aliyesemekana kapotea, aliandika kwamba Marenga Mkali peke yake ilikuwa na upana wa zaidi ya maili 30. Kilomita karibu 50 bila maji ya kutegemea, na frasila mbili begani.

Walivukaje? Kwa mwendo ulioitwa tirikeza. Asubuhi hawaondoki. Wanabaki kwenye maji, wanapika, wanakula, wanakunywa, wanajaza vibuyu. Jua likishapinda ndipo wanaanza, wanatembea mpaka usiku, wanalala mahali pasipo na maji, na kabla ya kupambazuka wako njiani tena ili jua kali liwakute wamekaribia kisima kinachofuata. Hakuna aliyebeba maji ya safari nzima. Walibeba maji ya pengo, kutoka kisima hiki hadi kile, na pengo walilijua kwa miguu. Pale Ugogo visima vilikuwa na wenyewe, na watemi walitoza ushuru kwa kila msafara uliopita. Ushuru ule uliitwa hongo. Ndiyo, neno lile lile.

Vitabu vya safari hizo vimejaa majina ya Wazungu walioandika. Waliobeba maji wametajwa wachache mno. Waliobaki ni "mpagazi mmoja", "mtu wangu mmoja", wakati hesabu iliyomfikisha mwandishi salama ilikuwa yao.

Vita ya kwanza ya dunia ikaja na upagazi wa kulazimishwa. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916 walikuwa na jeshi zima la wabeba mizigo, Carrier Corps, na kambi yao ndiyo iliyozaa jina la Kariakoo. Nairobi wana Kariokor yao, jina lile lile kwa matamshi mengine. Makumi ya maelfu ya watu wale walikufa, na maradhi yaliua wengi kuliko risasi. Kuhara damu kulikuwa miongoni mwa wauaji wakubwa. Maji yalikuwepo, tatizo yalikuwa maji gani. Jambo hilo halijapitwa na wakati, na linahusu hata mrija wa begi la mtu, kama itakavyoonekana.

Turudi Texas kidogo, maana pesa iko huko. Soksi ile ikageuka kampuni, CamelBak. Mwaka 1991 baadhi ya wanajeshi wa Marekani walikuwa nayo kwenye vita ya Ghuba, na baadaye jeshi likawa mteja mkubwa kweli. Kibanio cha nguo kikastaafu, kikaja kidomo cha mpira ambacho ukiking'ata kinafunguka na ukikiachia kinajifunga. Jamaa wa dripu aliuza kampuni mwaka 1995 kwa dola milioni 4, inavyoelezwa. Miaka 20 baadaye, 2015, kampuni hiyo hiyo iliuzwa tena kwa zaidi ya dola milioni 400. Aliyeshona soksi hakuwa mezani.

Sasa mdau anayetaka kununua begi kwa ajili ya kupanda mlima Jumamosi na kurudi jioni. Swali la kwanza ambalo watu huuliza ni kampuni gani. Mpagazi angeuliza pengo lina urefu gani.

Chukua Longonot, Kenya. Kutoka getini hadi ukingo wa kreta ni kilomita 3.1, kuzunguka ukingo wote ni 7.2, halafu unashuka njia uliyopandia. Jumla inazidi kilomita 13, saa nne hadi tano kwa mtu wa kawaida anayesimama kupiga picha. Juu hakuna mto wala kivuli cha maana, vumbi tu na upepo. Kanuni inayotumika sana ni nusu lita kwa saa kwa mwendo wa wastani, na zaidi jua likiwa kali. Kwa hiyo lita mbili ni mwanzo, lita tatu si ujinga. Isitoshe, tangu Juni 2020 Kenya imepiga marufuku plastiki za kutumia mara moja kwenye hifadhi zake, kwa hiyo ile katoni ya chupa za maji za dukani isahauliwe.

Uluguru, Morogoro, ni kinyume kabisa. Milima ile ndiyo inayoulisha mto Ruvu, na Ruvu ndio unaoinywesha Dar. Vijito viko vingi, na mwenye dawa ya kutibu maji au chujio anaweza kupanda na lita moja na nusu akajaza njiani. Mwenye lita tatu mgongoni pale amebeba kilo tatu kwa ajili ya kitu kinachotiririka pembeni yake. Asiye na dawa, hata hivyo, abebe zake, kwa sababu kijito kuwa kizuri kwenye picha si ushahidi kwamba ni salama.

Kwa hiyo ukubwa wa begi unafuata njia. Kwa safari ya siku moja begi la lita 10 hadi 20 za nafasi linatosha: mfuko wa maji, koti la mvua, chakula, simu, taa ndogo. Dukani lisijaribiwe likiwa tupu. Likiwa tupu kila begi ni zuri! Liwekwe chupa mbili kubwa zilizojaa, mtu atembee nalo dakika kumi, apande ngazi. Mgongo upimwe kutoka kwenye mfupa unaotokeza nyuma ya shingo hadi usawa wa juu wa nyonga, maana mrefu na mfupi hawavai begi moja hata kama vifua vyao vinalingana. Mkanda wa kifuani uwepo, kwani maji yakipungua begi huanza kucheza.

Mfuko wa ndani uwe na mdomo mpana, mkono uingie. Hapa ndipo watu wengi huliwa. Vya mdomo mdogo ni rahisi bei lakini havisafishiki, na mrija usiokaushwa huota ukungu ndani ya siku chache, hasa ukitiwa juisi au soda. Maji matupu tu, tafadhali. Nyumbani mfuko uoshwe, uanikwe umetanuliwa mdomo, mrija uchomolewe na kuning'inizwa ukauke.

Begi hili lina udhaifu mmoja ambao wauzaji hawautangazi: huoni kilichobaki. Chupa inakuonyesha nusu, mfuko uko kizani mgongoni, na mtu hushtukia amenyonya hewa kilomita nne kabla ya gari. Ndiyo maana wazoefu hubeba na chupa ndogo ya akiba, kibuyu cha pembeni. Na asiyetoka zaidi ya saa mbili, kusema kweli, halihitaji kabisa. Chupa yake ya kila siku na begi la shuleni vinatosha, hela akale nayo.

Kuna upande wa pili pia. Mrija ukiwa mdomoni muda wote, mwingine anazidisha. Mwaka 2002 mkimbiaji mmoja wa marathoni ya Boston alifariki baada ya chumvi ya damu kushuka kupita kiasi, na utafiti uliochapishwa 2005 kuhusu wakimbiaji 488 wa mbio hizo ulikuta asilimia 13 chumvi yao ya damu ilikuwa imeshuka chini ya kawaida. Wengi wao walikuwa wamekunywa sana, si kidogo. Kwa hiyo mafunda madogo madogo kufuata kiu, na kituo cha kula kitu chenye chumvi: korosho, karanga, kiazi cha kuchemsha. Wale watafiti wa jangwani walishaona kwamba mlo ndio unaomfanya mtu anywe pengo lake, na wapagazi nao hawakuanza tirikeza na njaa.

Kwa wasiotaka bei za maduka makubwa, mabegi ya mtumba ya aina hii yapo Kariakoo na Gikomba, na mengine ni mazima kabisa. Zipu zivutwe zote, mishono ya mabegani ivutwe kwa nguvu bila aibu. Begi la mtumba halina shida. Mfuko wa ndani na mrija wa mtumba, hapana: hakuna anayejua mdomo gani ulikuwa mwisho wa ule mrija, wala ulikaa na maji ya lini. Hivyo vinunuliwe vipya, vijazwe maji hapo hapo dukani, vifungwe na kuwekwa juu ya karatasi kavu wakati mnapatana bei.