Udongo Uwahi Uli Maji

Methali hii niliisikia mwaka 1970 chuoni, kwa mkufunzi wetu wa malezi. Tuliielewa upesi: mtoto akunjwe angali mdogo. Tukaondoka nayo kwenda kazini, pamoja na kiboko. Ajabu ni kwamba kati yetu hapakuwa na hata mmoja aliyepata kufinyanga chungu.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alikuwa ametoa Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule ziheshimu kazi za mikono. Katika shule nyingi kazi hiyo ikawa jembe na shamba basi. Kisha likaja Azimio la Musoma mwaka 1974, na kufikia 1977 watoto walifurika madarasani. Nilikuwa na darasa la kwanza kando ya Ziwa Nyasa, jirani na Wakisi, ambao wanawake wao ni wafinyanzi mashuhuri. Vyungu vyao husafirishwa kwa mitumbwi na kuuzwa sokoni huko Matema.

Siku moja, wakati wa hesabu, nilimkuta binti mdogo akifinyanga ng'ombe chini ya dawati. Nilimnyang'anya, nikamtupa yule ng'ombe dirishani.

Kesho yake alikuja bibi yake. Hakunigombeza. Alinisalimu kwa heshima, kisha akasema kwamba mjukuu wake huhesabu vyungu vinavyopakiwa mtumbwini na hakosei. Je, Mwalimu, shuleni anashindwa wapi? Sikuwa na jibu. Akanikaribisha kwake siku ya Jumamosi.

Huko nikawa mwanafunzi. Udongo huchambuliwa mawe na mizizi, hulowekwa, hukandwa mpaka hewa itoke. Chombo hukaushwa kivulini, polepole, kwa siku kadhaa. Kikiingia motoni kingali na unyevu, maji hugeuka mvuke na kukipasua. Nikaonywa pia kwamba udongo wenye maji mengi hausimami. Mfinyanzi huuwahi, lakini huungoja vilevile. Nusu hiyo ya pili ya methali chuoni hatukufundishwa.

Tangu hapo darasa langu lilihesabu kwa vidonge vya udongo, na irabu tukazifinyanga kabla ya kuziandika. Nilidhani nimegundua jambo. Baadaye nikasoma kwamba Friedrich Froebel, aliyeanzisha shule yake ya watoto wadogo huko Ujerumani mwaka 1837, aliuweka udongo miongoni mwa kazi zao. Na hapa kwetu, kandokando ya Ziwa Viktoria, vyungu viitwavyo Urewe vilifinyangwa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Ufundi huo haukufika hadi kwetu kwa vitabu. Ulipita mkononi, mkubwa akimwachia mdogo agusie.

Yule binti alijifunza kusoma na kuhesabu vizuri. Lakini mwaka ule wote hakufinyanga tena ng'ombe mbele yangu. Alitengeneza vidonge nilivyoagiza, akanawa mikono, akakaa.

Sasa ni mstaafu. Jumamosi wajukuu huja, nami hutandika gunia barazani na kuleta ndoo ya udongo. Sigusi kazi zao. Mdogo wao hupenda kufinyanga ng'ombe, wenye pembe nene na miguu isiyolingana. Wakikauka huwapanga dirishani, na mke wangu anajua kwamba hapo hapafagiliwi ovyo.