Kukagua hesabu za kanisa kwa kompyuta: tuchague programu gani?

Mwaka wa hesabu unapofungwa, komite ya ukaguzi hukutana na maswali yale yale. Je, risiti zote zipo? Kuna malipo yaliyoandikwa mara mbili? Pesa zilizopita kwenye simu zinalingana na daftari la sanduku? Leo hesabu nyingi ziko kwenye kompyuta, na ndugu wengi wanatuuliza wanunue programu gani. Jibu letu ni kwamba tusianze na programu. Tuanze na swali tunalotaka lijibiwe, kisha tumtazame mtu atakayebaki na kazi hiyo.

Somo hili tulilipata kwa uchungu. Katika ukaguzi mmoja, waumini walileta risiti zao za mchango wa ujenzi, na karibu hakuna iliyolingana na orodha. Mweka hazina alisimamishwa. Majuma mawili baadaye daftari la karatasi likaletwa, na ukweli ukaonekana: mtu alikuwa amepanga majina kwa alfabeti katika Excel bila kupanga viasi pamoja nayo. Jumla ilikuwa sawa, lakini kila jina lilisimama mbele ya pesa ya mtu mwingine. Hakuna aliyeiba. Ila jina la ndugu lilikuwa limekwisha kuchafuliwa.

Excel na LibreOffice Calc

Hizi ndizo watu wetu wanazozijua. Calc ni ya bure, Excel hulipiwa, na zote mbili hufanya kazi bila intaneti. Kwa kanisa la mahali lenye mistari mia chache kwa mwaka, zinatosha: zinajumlisha, zinachuja, zinaonyesha namba ya risiti iliyojirudia.

Udhaifu wake ni kwamba kila mtu anaweza kubadilisha namba, na faili haionyeshi wazi nani amebadilisha nini. Tena kuna mpaka wa mistari. Excel ya sasa inabeba mistari 1,048,576 kwa ukurasa, lakini faili za mtindo wa zamani zinaishia 65,536. Mwaka 2020 huko Uingereza, wagonjwa karibu 16,000 wa Covid-19 walikosekana kwenye hesabu ya taifa kwa muda kwa sababu ya faili ya mtindo huo wa zamani kujaa.

ACL na IDEA

Hizi zilitengenezwa kwa ajili ya wakaguzi. Zinasoma data bila kuigusa faili ya asili, na kila hatua huandikwa katika kumbukumbu ya kazi. Kwa amri chache zinatafuta namba za risiti zilizorukwa, malipo yaliyojirudia, na zinachagua sampuli ya kukagua. Lakini leseni yake ni ya kulipia, na bei yake ni mzigo kwa kanisa la mahali. Zinafaa ofisi kuu inayosimamia hospitali, shule na miradi mingi, au mkaguzi wa nje ambaye tayari anayo leseni yake.

R na Python

Hizi ni za bure kabisa, na zinabeba data nyingi. R ilianzia Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand. Hapa mkaguzi huandika maagizo, na maagizo hayo yanabaki kama ushahidi: mwingine anaweza kuyarudia na kupata jibu lile lile. Shida ni kwamba yanahitaji kujifunza kwa miezi, na kijana aliyeyajua akihamia mji mwingine, kazi inasimama.

Mitego inayotupata sisi

Kwanza, alama za namba. Kompyuta iliyopangwa kwa Kifaransa inasoma 12,500 kama kumi na mbili na nusu. Iliyopangwa kwa Kiingereza inasoma elfu kumi na mbili na mia tano. Tarehe nazo: 05/03 ni tarehe 5 Machi kwa moja, na tarehe 3 Mei kwa nyingine. Pili, franka na dola zisikae katika safu moja. Kila fedha iwe na safu yake, na kiwango cha kubadilisha cha siku hiyo kiandikwe kando. Tatu, kuna kipimo kiitwacho sheria ya Benford: katika namba nyingi za kawaida, zinazoanza na 1 ni kama 30 kwa 100, na zinazoanza na 9 hazifiki 5. Kipimo hicho hakifai kwa michango ya kiasi kilichopangwa wala kwa orodha fupi, na peke yake hakithibitishi wizi.

Tunavyoshauri

Kanisa la mahali litumie Calc au Excel, likihifadhi nakala ya asili isiyoguswa, na kazi ifanyike juu ya nakala nyingine. Ofisi ya jimbo ifundishe watu wawili, si mmoja, kabla ya kulipa leseni yoyote. Programu ijaribiwe kwanza kwa hesabu za mwaka uliokwisha kukaguliwa kwa mkono: kama majibu hayalingani, sababu itafutwe. Zaidi ya hayo, mfumo wa hesabu wa OHADA kwa mashirika yasiyo ya faida ulianza kutumika tarehe 1 Januari 2024. Kabla ya kuchagua programu ya kuandikia hesabu, tuulize kama inaufuata.

Mtume Paulo alipopeleka mchango wa Yerusalemu, hakutaka mtu mmoja aubebe peke yake, ili lawama isipate nafasi. Kompyuta nayo isibebe mzigo huo peke yake. Inaonyesha mahali pa kuuliza. Kisha tufungue daftari, tushike risiti, na tumsikilize mweka hazina kabla ya kutaja jina lake mbele ya kanisa.