Roboti ya 1980 na kibla ya Msuka

Hebu tuanze na kitu kidogo. Chukua kijiroboti cha plastiki cha Gundam, kile cha mwanzo kabisa ambacho kampuni ya Bandai ilikitoa sokoni Japani Julai 1980. Kabla hujakiunga, vipande vyake huja vimeshikamana na fremu ya plastiki. Itazame fremu hiyo vizuri kwenye mwanga, utaona herufi ndogo zilizonyanyuka: jina la kampuni na mwaka. Sasa nikuulize. Ukisoma 1980, je, kitu ulichoshika mkononi kilitengenezwa 1980?

Usijibu haraka. Twende Msuka kwanza.

Msuka iko kaskazini mwa Pemba, Wilaya ya Micheweni, ukielekea Ras Kigomasha. Pale Msuka Mjini pana magofu ya msikiti wa mawe, na ndani ya kibla yake mtu alikwaruza mwaka: 816 wa Hijra. Mwaka huo ulianza Aprili 1413 ukamalizika Machi 1414, ndiyo maana vitabu vingi huandika 1414 kwa mkato. Wapo wanaosoma hivyo wakasema, "Basi msikiti ulijengwa 1414." Hapana. Mtu hawezi kukwaruza ukuta ambao haujajengwa. Tarehe ile inatuambia kwamba kufikia mwaka huo kibla ilikuwa imesimama. Huenda chokaa ilikuwa bado mbichi, huenda wazee wa mji walikuwa wameshasali hapo maisha yao yote. Tarehe ya Msuka inafunga mlango kwa upande wa baadaye tu, upande wa nyuma uko wazi.

Ya roboti ni kinyume chake. Ili uone kwa nini, lazima ujue vinavyotengenezwa. Chembe za plastiki aina ya polistirini huyeyushwa kwa joto linalozidi nyuzi 200, zikasukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma, zikapoa, kalibu ikafunguliwa. Ule mwaka umechongwa kwenye kalibu, haukuandikwa kwenye plastiki yenyewe. Kalibu ni ghali sana kuichonga lakini ikishakuwepo hufanya kazi miaka na miaka, na kijiroboti kile cha 1980 kimerudishwa sokoni mara nyingi. Kwa hiyo 1980 inakwambia jambo moja tu: hakikutengenezwa kabla ya hapo. Kinaweza kuwa cha juzi. Mkusanyaji asiyejua hili hulipa bei ya kitu cha kale kwa kitu kipya, na muuzaji anatabasamu.

Na kwa nini watu wavililie hivyo? Hapo pana kisa. Katuni ya Gundam, iliyoongozwa na Yoshiyuki Tomino, ilianza kuonyeshwa kwenye televisheni ya Nagoya tarehe 7 Aprili 1979. Haikupata watazamaji wa kutosha. Ilipangwa iwe na vipindi 52, ikakatwa ikaishia 43, Januari 1980. Mdhamini wake mkuu, kampuni ya midoli ya Clover, alitaka kuwauzia watoto wadogo midoli ya kuchezea, kama zile roboti za chuma zilizovuma baada ya Mazinger Z ya 1972. Lakini walioipenda Gundam walikuwa vijana wakubwa zaidi. Hawakutaka ngumi inayoruka. Walitaka mashine inayofanana na mashine. Katuni iliporudiwa, na filamu tatu zikatoka kati ya 1981 na 1982, vijiroboti vya Bandai vya yeni 300 vikagombaniwa madukani.

Kilichowavutia vijana wale, kwa maoni yangu, ni kipimo. Kwenye hadithi Gundam ina urefu wa mita 18. Kijiroboti ni 1 kwa 144, kwa hiyo sentimita 12.5. Sasa ngoja: urefu ukigawanywa kwa 144, ujazo unagawanywa kwa 144 mara tatu, yaani karibu milioni 3. Hadithi inasema roboti ikiwa na silaha na mafuta ina tani 60. Gawa, unapata gramu 20, sawa na maji ya vijiko vinne vya chai. Mwenzangu, chuma gani hicho cha vita? Waandishi wa katuni walikuwa wakarimu mno.

Watoto wa pwani yetu hawajaambiwa habari za 1 kwa 144, lakini mtoto anayechonga kidau cha kuchezea anajua kwamba ukipunguza urefu tu bila kurekebisha tanga, chombo kinalala. Kidau hicho hata hivyo hakina kalibu wala mwaka. Kinachezewa maji yakijaa, kinavunjika, kinatupwa jikoni kuni zikipungua. Japani mtu anaweza kupanga rafuni historia ya miaka arubaini na ushei ya vijiroboti, kila kimoja na mwaka wake. Historia ya vidau vyetu tutaipanga kwa nini?

Kuna njia, ila inataka subira. Wanaakiolojia waliochimba Pemba, kama Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher huko Tumbe na Chwaka, hawakusubiri maandishi. Walisoma vigae na shanga kwa kuangalia kila kimoja kililala tabaka gani na pamoja na nini. Ndiyo maana ukiokota kigae kwenye gofu ukakitia mfukoni, hata kwa mapenzi, umeshaondoa nusu ya habari yake. Kikifika kabatini kwako ni kigae tu.

Kwa kidau, anza na tanga. Likiwa la mfuko mwembamba wa plastiki, ujue Zanzibar ilipiga marufuku mifuko hiyo 2006, japo marufuku na magendo ni majirani wa siku nyingi. Kiwiliwili kikiwa kimekatwa kwenye soli ya kandambili, hicho hakikuwepo kabla ya kandambili kufika. Halafu muulize aliyekichonga jina la mti, na nani alimfundisha, na umwandikie chini yake mwaka kwa wino usiofutika. Mwache aendelee kukichezea.