Guverneri wa mwisho wa Hong Kong

Tarehe 30 Juni sisi wa Kongo twaijua sana. Ndiyo pia siku ya mwisho ya utawala wa Waingereza katika Hong Kong, mwaka 1997. Lakini Wabelgiji walifungua mkutano wa meza ya mviringo huko Brussels mwezi wa Januari 1960, na miezi mitano nyuma yake inchi yetu ikawa huru. Waingereza na Wachina walitia sahihi mapatano yao tarehe 19 Desemba 1984. Walikuwa na miaka 12 na zaidi ya kujitayarisha, na hata hivyo waligombana.

Asili ya ugomvi ilikuwa ndani ya mapatano yenyewe. Fungu la 4 lilisema ya kuwa Uingereza itatawala mpaka siku ile, na China itasaidia kazi hiyo. Basi, asiyesaidiwa atatawalaje? Na anayesaidia, je, hana neno? Iliwekwa kamati ya pande mbili, lakini iliandikwa wazi kwamba haina mamlaka yo yote.

Guverneri Chris Patten alifika mwezi wa Julai 1992. Mwezi wa Oktoba akatangaza mpango wake mbele ya kupatana na Beijing: kura kwa wenye miaka 18, na viti 9 vipya vya kuchaguliwa na wafanyakazi, katika baraza la viti 60. Wachina walikasirika, wakisema barua za mawaziri za mwaka 1990 zimevunjwa. Mwaka 1993 walikutana mara 17, bure. Baraza likakubali mpango mwezi wa Juni 1994. Watu wakachagua Septemba 1995.

Kwa sheria, tunaona Patten alikuwa na haki ya kutawala mpaka saa ya mwisho. Lakini wachaguliwa wale walitazamiwa kukaa vitini hata nyuma ya 1997, na jambo hilo halikuwa mkononi mwake. China ilikataa, ikaweka baraza jingine, likakutana Shenzhen, ng'ambo ya mpaka.

Juu ya korti kubwa ya mwisho, Patten yule yule alifanya ginsi nyingine. Mwezi wa Juni 1995 alipatana na China kwamba korti itaanza Waingereza wakiisha kuondoka. Wengi wa Hong Kong walimlaumu, wakisema amelegea. Tarehe 1 Julai 1997 wachaguliwa wa 1995 walikuwa hawana viti tena; korti ilianza.