Setilaiti ya Ngomeni iliyohitaji msaada wa redio

Leo tuweke programu kando kidogo.

Ukitoka Malindi kuelekea kaskazini utafika Ngomeni. Baharini pale imesimama mitambo ya chuma yenye miguu, San Marco na Santa Rita. Utotoni nilidhani ni ya mafuta, na hakuna mwalimu aliyenisahihisha. Kumbe Waitaliano wa Luigi Broglio walikuwa wakirusha setilaiti pale, kuanzia 1967 hadi 1988!

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, roketi ya Marekani aina ya Scout ilipaa pale na setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa kazi moja tu: kutafuta eksirei za angani, ambazo hewa yetu huzizuia zisifike chini. Ikaitwa Uhuru. Ngomeni ilifaa kwa kuwa karibu na ikweta mzunguko wa dunia huisukuma roketi bure.

Uhuru iliorodhesha vyanzo 339. Vile vikali vingi vilijipanga kwenye utepe mmoja, Njia ya Maziwa. Galaksi yetu ni bapa kama chapati, na sisi tumo ndani yake, kwa hiyo tunaiona kwa ubavu.

Tatizo ni kwamba Uhuru haikuona vizuri mahali hasa. Chanzo kiitwacho Cygnus X-1 kilipepesa ndani ya muda usiofika sekunde moja, kwa hiyo kilikuwa kitu kidogo sana. Lakini kipi, kati ya nyota zote za eneo lile? Ni kama kompyuta ikuambie faili lina kosa bila kutaja mstari. Wenzangu mnajua uchungu wake.

Redio ndizo zilizotaja mstari. Mwaka 1971 darubini za redio za Westerbork, Uholanzi, na Green Bank, Marekani, zilinasa mawimbi mapya kutoka eneo hilo, wakati uleule Uhuru ilipoona eksirei zikibadilika. Mahali pakajulikana: nyota HDE 226868. Nyota hiyo ina mwenzake asiyeonekana, wanazungukana kwa siku 5.6. Huyo mwenzake ndiye shimo jeusi la kwanza kukubaliwa na wanasayansi wengi. Mwaka 2021, kwa vipimo vya redio tena, uzito wake ulikadiriwa kuwa mara 21 ya Jua.

Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti wa Uhuru, alipata tuzo ya Nobel mwaka 2002. Ngomeni ilibaki na jina la setilaiti. Picha za mitambo nitaziweka hapa nikirudi nyumbani.