WAZEE WA MILA, MASISTA NA SISI WAISLAMU WA MARA

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Desemba inakaribia. Huku Genkuru na kwingineko Tarime, na kule Serengeti, shule zikifungwa msimu unaanza, na wenyeji mnajua msimu gani. Wazee wa mila wakishatoa ruhusa, ngariba anatafutwa na mabinti wanaandaliwa. Asiyekeketwa anaitwa msagane, na aliyewahi kuitwa hivyo kisimani mbele ya wenzake anajua uzito wake.

Ndugu mmoja amenitumia ujumbe: "Sheikh, kila nikisikia mabinti wameokolewa ni kwa masista au Waanglikana. Sisi tuko wapi?" Swali zito. Nimeona nianze na historia kabla ya kujibu, maana dini ilishaingia katika jambo hili zamani, na si mara zote iliingia vizuri.

Mwaka 1929, Kenya, misheni ya Waskoti pale Kikuyu na wenzao wa Kijabe waliwataka waumini waukane ukeketaji kwa sahihi au kwa dole gumba. Asiyekubali, nje. Kilichofuata? Watu wengi wakatoka kanisani, wakajenga shule zao wenyewe, na kumkeketa binti kukawa alama ya kumkataa mkoloni. Wamisionari walikuwa na hoja ya afya, na madaktari walikuwepo miongoni mwao. Lakini wenyeji walisikia mgeni anayewachukulia ardhi sasa anataka na mabinti zao.

Mwaka 1956 ikawa Meru. Safari hii marufuku ilitoka kwa baraza la wazee wenyewe, Njuri Ncheke, wakisukumwa na serikali ya kikoloni. Wasichana wakaanza kujikeketa wao kwa wao porini kwa wembe. Waliitwa Ngaitana, yaani "nitajitahiri mwenyewe". Ndani ya miaka mitatu watu zaidi ya 2,400 walifikishwa mahakamani. Soma hapo taratibu, ndugu yangu. Wazee wamekataza, serikali imekataza, na binti anachukua wembe kwa mkono wake, kwa sababu hakuna aliyemwambia ataishije kesho kijijini bila heshima ya mwanamke mzima.

Tanzania tulipata sheria mwaka 1998, ile ya Makosa ya Kujamiiana. Kumkeketa aliye chini ya miaka 18 ni jela miaka 5 hadi 15. Sheria nzuri. Hata hivyo utafiti wa afya wa taifa wa 2015-16 ulikuta asilimia 10 ya wanawake nchini wamekeketwa, na kwa mkoa wetu wa Mara asilimia 32. Sheria inamkuta binti ameshakatwa. Kabla ya hapo anahitaji mlango wa kukimbilia usiku.

Na mlango huo, tuseme kweli, waliufungua Wakristo. Masanga, hapa Tarime, masista wa Kikatoliki walianza kambi tangu 2008: binti anapokelewa wakati wa msimu, anafundishwa, anasherehekewa kama aliyevuka utoto, bila kukatwa. Mugumu, Serengeti, Dayosisi ya Anglikana ya Mara ilifungua nyumba salama mwaka 2014 chini ya Bi Rhobi Samwelly, Mkurya aliyepitia kisu hicho mwenyewe na karibu kimtoe roho. Yeye si mgeni wa 1929. Anakaa na mzazi, anamsemesha Kikurya, anatafuta suluhu ili binti arudi nyumbani salama. Mimi hapo sioni aibu kusema wametutangulia katika kheri.

Sasa turudi kwetu. Kuna anayesema, "Lakini Sheikh, tohara ya mwanamke ni suna." Sitawaficha. Katika madhehebu yetu ya Shafii imetajwa, na Imam Nawawi ameihesabu wajibu kwa mwanamume na mwanamke. Anayedai haimo vitabuni hajasoma. Lakini tazama hoja ilipojengwa. Hadithi ya Ummu Atiyya inayotajwa kila siku, Abu Dawud aliyeipokea ndiye aliyesema ni dhaifu. Tena wanavyuoni wale walizungumzia kitu kidogo mno. Hawakuwa wakieleza kisu cha ngariba wa huku.

Novemba 2006 wanavyuoni walikutana Al-Azhar, Cairo, chini ya Mufti wa Misri Sheikh Ali Gomaa, naye ni Shafii kama sisi. Wakasema hii ni ada ya watu, ina madhara, na ikomeshwe. Mwaka uliofuata Misri ikatamkwa wazi kuwa ni haramu. Hawakuvunja fiqhi. Waliwasikiliza madaktari, kisha wakarudi kwenye msingi ambao kila mwanafunzi wa madrasa anaujua, kwamba Mtume (s.a.w.) amekataza kudhuru. Mwaka huohuo wa 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa utafiti wa wanawake zaidi ya 28,000 katika nchi sita za Afrika: waliokeketwa walivuja damu zaidi wakijifungua, walipasuliwa zaidi, na watoto wao walikufa zaidi. Madhara gani tena tunayasubiri?

Na mzee wangu Mkurya Muislamu, tuulizane kama watu wazima. Unapompeleka binti, unafuata Shafii kweli, au unaogopa maneno ya ukoo na kupungua kwa ng'ombe? Allah ametaja katika Surat At-Takwir binti aliyezikwa hai, kwamba ataulizwa ameuawa kwa kosa gani. Waarabu wale nao walikuwa na mila na wazee.

Kwa hiyo ndugu uliyeuliza tuko wapi: Ijumaa ijayo baada ya swala kina mama wabaki, na kina baba pia. Tunatafuta nyumba tatu za Waislamu zenye chumba cha msichana kulala mpaka shule zifunguliwe. Mwenye nafasi anione kabla ya Alhamisi. Wa mbali, mjue namba ya dawati la jinsia la polisi kwenu. Na binti wa Kikristo akigonga, anafunguliwa.

Wallahu a'lam.